Samadi, molasi au uji wa muhogo? Jibu kwa msomaji anayejenga kwa matofali mabichi

"Mtaalamu, ninajenga nyumba ya vyumba vitatu wilayani Manyoni kwa matofali mabichi, kwa kuwa kuni za kuchomea tanuru zimekuwa ghali na miti yenyewe imekwisha. Nimekwisha kufyatua matofali kama elfu tatu, lakini karibu theluthi yake yamepasuka yakiwa bado yameanikwa. Marehemu babu yangu alijenga tembe kwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, nalo lilidumu hadi alipofariki. Sasa ninapewa ushauri wa kila aina: fundi wangu anataka tutie molasi, yaani yale masalia mazito ya kiwanda cha sukari, na saruji kidogo ili tofali liwe gumu kama la kuchoma, shemeji yangu amesikia kwamba unga wa muhogo unafaa zaidi, na jirani ananiambia nitie chumvi ili mchwa wasiingie ukutani. Nina ng'ombe sita, kwa hiyo samadi ninayo. Je, kipi kati ya hivi kinaongeza nguvu kweli, nitie kiasi gani, na nikishakitia, ukuta utahimili mvua bila lipu ya saruji?"

Ndugu msomaji, nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu ndani yake mna mambo matatu ambayo watu huyafunga katika mzigo mmoja ilhali kila moja lina dawa yake. Kupasuka kwa tofali linapokauka ni jambo moja, udhaifu wa tofali lililokwisha kukauka ni jambo la pili, na kumomonyoka kwa ukuta unaponyeshewa ni jambo la tatu. Kiungo kinachosaidia la kwanza kinaweza kisifae kitu kwa la tatu, na ndiyo maana washauri wako wote wanaweza kuwa wameona jambo la kweli mahali fulani na bado wakakupotosha. Kwa ufupi, kabla sijaeleza sababu: matofali yako yanahitaji mchanga, majani makavu na kivuli kuliko yanavyohitaji gundi yoyote, kinyesi cha ng'ombe wako kitakufaa sana, lakini mahali pake hasa ni kwenye lipu ya udongo, molasi na saruji visikutane kamwe, chumvi ibaki jikoni, na mvua utaizuia kwa msingi na paa, si kwa kitu unachokikoroga ndani ya tope.

Tuanze na udongo wenyewe. Udongo wa kujengea una mchanga na changarawe, una vumbi laini, na una mfinyanzi. Mchanga ndio unaobeba uzito, na mfinyanzi ndio unaoshikanisha. Chembe za mfinyanzi ni vibamba vyembamba mno, vyenye upana usiofika 0.002 ya milimita, na kati ya kibamba na kibamba hukaa utando wa maji. Udongo unapokauka, utando huo hupungua na kuvivuta vibamba vikaribiane mpaka vishikane kwa nguvu. Ukilaza vioo viwili vilivyolowa kimoja juu ya kingine, utaona jinsi vinavyokataa kuachana, na hicho ndicho kinachotokea ndani ya tofali lako mara mamilioni. Nguvu hiyo si ya kubeza: tofali bichi lililotengenezwa vizuri hubeba takriban kilo 10 hadi 20 kwa kila sentimita moja ya mraba, kiasi kinachotosha kabisa kwa nyumba ya chini yenye paa la bati. Kasoro yake ni moja tu, kwamba maji yakirudi kwa wingi utando hunenepa tena, vibamba vinaachana, na tofali linarudi kuwa tope. Moto wa tanuru ndio unaougeuza mfinyanzi usiweze kurudi nyuma. Hakuna kitu chochote katika orodha yako kinachofanya kazi ya moto, kwa hiyo yeyote anayekuahidi tofali bichi "gumu kama la kuchoma" kwa kutia molasi anakuahidi asichokuwa nacho.

Nguvu hiyo hiyo inayoshikanisha ndiyo inayopasua. Mfinyanzi ukiwa mwingi, tofali husinyaa sana, na kwa kuwa upande wa nje hukauka kabla ya kiini, ganda la nje huvutika juu ya tumbo ambalo bado ni bichi, hatimaye linachanika. Umesema yalipasuka yakiwa yameanikwa, wala hukusema mahali. Katika kiangazi cha Manyoni, chenye jua kali na upepo mkavu, nina hakika ya kutosha kwamba uliyaanika wazi. Siku tatu au nne za kwanza tofali bichi linataka kivuli au angalau kufunikwa kwa nyasi, baada ya hapo lisimamishwe kwa ubavu ili upepo ulipitie pande zote. Hili peke yake, bila gharama yoyote, huenda likaokoa nusu ya matofali unayoyapoteza.

Nusu nyingine inategemea udongo uliouchimba. Kama ni ule mweusi wa mbuga, unaopasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi na kunata kwenye viatu wakati wa masika, tafadhali uache, kwa maana mfinyanzi wa aina hiyo huvimba na kusinyaa kupita kiasi na viungo vya asili haviwezi kuushinda. Kama ni udongo mwekundu au wa kichuguu, tatizo linarekebishika kwa kuongeza mchanga. Jipimie mwenyewe: tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana na kina cha sentimita 4, ukipake mafuta kidogo ndani, ukijaze tope lako na ukiache kivulini mpaka tope likauke kabisa. Lisukume lote upande mmoja, kisha tazama pengo lililobaki. Likizidi upana wa vidole viwili, ongeza mchanga na upime tena. Kipimo cha pili kinahakikisha hujaenda kupita kiasi. Nchini Peru, ambako watu wamejenga kwa tofali bichi kwa karne nyingi na matetemeko hayawaachi wapumue, mafundi hufinyanga vidonge vinne vyenye kipenyo cha sentimita 2 hivi, huviacha vikauke kwa saa 48, kisha hujaribu kuvivunja kwa kidole gumba na cha shahada. Kikivunjika hata kimoja, udongo huo hauna mfinyanzi wa kutosha. Kati ya vipimo hivyo viwili, yaani usisinyae mno na usivunjike kirahisi, ndipo lilipo tofali lako.

Hapo sasa ndipo viungo vya asili vinapoingia, na ni vyema ujue kwamba vinafanya kazi za namna tofauti. Vingine ni nyuzi, vingine ni gundi, na vichache hufukuza maji.

Nyuzi ni kama majani makavu, makapi ya mpunga, mabua ya mtama yaliyokatwakatwa au mabaki ya mkonge. Haziongezi sana uzito ambao tofali linaweza kubeba likigandamizwa, na nyingi mno hulipunguza. Kazi yake ni mbili. Kwanza, hupitisha unyevu kutoka kiini kwenda nje, hivyo tofali hukauka kwa mwendo unaolingana. Pili, ufa unapoanza, unyuzi huushika kingo zote mbili, na badala ya kupata ufa mmoja unaoligawa tofali unapata nyufa ndogo ndogo zisizo na madhara. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba katika Kutoka sura ya 5 Farao aliwanyima Waisraeli majani huku akidai hesabu ile ile ya matofali. Mateso yale hayaeleweki mpaka uwe umefyatua tofali bila majani. Kwa kazi yako, kata nyasi kavu kwa urefu wa upana wa kiganja, na kwa kila ndoo tatu za udongo tia ndoo moja ya nyasi isiyoshindiliwa. Nyasi mbichi usitie, kwani zitaoza na kuacha matundu.

Kinyesi cha ng'ombe ni kiungo cha ajabu kwa sababu ni nyuzi na gundi kwa pamoja. Ng'ombe amekwisha kuyasaga majani, ameyacheua na kuyasaga tena, kwa hiyo nyuzi anazotoa ni fupi na laini, na zimefunikwa na ute pamoja na vitu vinatavyo vinavyotengenezwa na bakteria wa tumboni mwake. Ute huo hupenya kati ya chembe na kuzifunga, nao hulifanya tope liwe laini mkononi na linate vizuri ukutani. Ukikiacha kinyesi na udongo vikae pamoja vikiwa vimelowa na kufunikwa kwa wiki moja au mbili, bakteria wanaendelea kuongeza gundi hiyo na madongo magumu ya mfinyanzi yanalainika yote. Harufu itakukera, lakini harufu ndiyo ishara kwamba kazi inaendelea, na lipu ikishakauka hutaisikia tena. Hapa nikurekebishe neno moja: umesema una samadi. Samadi kavu ya zizini, iliyokanyagwa na kuchanganyika na mkojo na vumbi kwa miezi, ni nzuri shambani kuliko ukutani. Kwa ujenzi unataka kinyesi kibichi cha asubuhi, na kile cha kiangazi, ng'ombe anapokula majani makavu, kina nyuzi nyingi kuliko kile cha masika kinachotoka chepechepe. Kama kuna punda jirani, kinyesi chake kina nyuzi ndefu zaidi kwa kuwa punda hacheui, nacho kinafaa kwenye tabaka la kwanza la lipu. Cha mbuzi sikipendekezi.

Kwa nini basi nasema ukiweke kwenye lipu badala ya ndani ya tofali? Fanya hesabu. Matofali elfu tatu ya udongo ni tani nyingi sana, na kinyesi cha ng'ombe sita kitahitaji msimu mzima kuyaenea, wakati tofali lililoko katikati ya ukuta haliguswi na mvua, halikwanguliwi na kuku na halipapaswi na watoto. Vyote hivyo vinaipata ngozi ya ukuta. Weka kitu chako bora pale kinapopigana.

Babu yako, kwa kweli, alikuwa na kiungo kingine ambacho hukukitaja. Tembe lile halikudumu kwa sababu ya mavi ya ng'ombe peke yake; lilidumu kwa sababu kila mwaka kabla ya mvua kulikuwa na mikono, na mara nyingi ilikuwa mikono ya akina mama, iliyosiriba upya kila palipobanduka. Mfano mkubwa zaidi wa jambo hili uko mjini Djenné nchini Mali. Msikiti Mkuu wa huko, uliojengwa upya mwaka 1907 na uliomo katika mji ulioorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1988, ni wa udongo mtupu kutoka chini hadi kileleni. Lipu yake huvundikwa pamoja na pumba za mpunga mpaka inanuka, na bado mji mzima hukusanyika kuisiriba upya mwaka hadi mwaka. Miti ile inayochomoza ukutani, ambayo wageni hudhani ni pambo, ndiyo ngazi ya mafundi. Kama pale, penye ufundi wa vizazi vingi, kazi haifanywi mara moja ikaisha, sisi tusidanganyane.

Sasa molasi. Ni kweli kwamba sukari ya molasi hugundisha chembe za udongo, na katika nchi zenye viwanda vya sukari imemwagwa kwenye barabara za vumbi ili vumbi litulie. Tofali lenye molasi kidogo, likiwa kavu, huwa gumu kuliko lisilo nayo. Hata hivyo, sukari huvuta unyevu wa hewani na huyeyuka majini. Kwa hiyo tofali hilo ni gumu wakati wa kiangazi, usipouhitaji sana ugumu huo, na hulegea wakati wa masika, unapouhitaji. Sisimizi nao watakushukuru. Ukiongeza gharama ya kuisafirisha kutoka Kilombero au Mtibwa hadi Manyoni, sioni faida yake kwako.

Linaloniogopesha zaidi ni ule mpango wa fundi wako wa kuichanganya na saruji. Saruji hukaza pale chembe zake zinapoungana na maji na kuota fuwele zinazoshikana. Sukari huzizingira chembe hizo na kuzuia fuwele zisiote. Kiasi cha asilimia 0.05 ya uzito wa saruji, yaani gramu 25 za sukari kwa mfuko wa kilo 50, kinatosha kuchelewesha kuganda kwa saa kadhaa. Kikifika asilimia 1, yaani nusu kilo kwa mfuko, saruji inaweza isikaze kabisa. Niliwahi kuitwa kuangalia sakafu ambayo siku ya nne ilikuwa bado inazama kucha, na baada ya kuuliza sana ikajulikana kwamba mchanganyiko ulikorogwa kwenye mapipa yaliyokuwa ya molasi bila kuoshwa. Kinyesi nacho kina asidi na vitu vya kuoza vinavyoidhoofisha saruji, ingawa si kwa kasi hiyo. Kwa hiyo chagua njia moja. Ukitaka njia ya saruji, unahitaji udongo wenye mchanga mwingi usio na mboji wala majani, mashine ya kugandamiza, saruji isiyopungua asilimia 5, na kumwagilia matofali maji kwa wiki nzima au zaidi. Ukitaka njia ya babu yako, unahitaji mfinyanzi wa kutosha, nyasi, kinyesi na kukausha taratibu. Koleo moja la saruji ndani ya tope lenye mfinyanzi mwingi ni fedha uliyoizika.

Kuhusu unga wa muhogo, shemeji yako hajakosea, ila amesikia nusu. Unga mbichi ndani ya udongo ni vumbi tu. Wanga hauwi gundi mpaka upikwe, maana punje zake hupasuka na kuachia utelezi kwenye joto la nyuzi 60 hadi 70 hivi, kama uonavyo uji unapoanza kuwa mzito. Uji mwepesi wa muhogo uliochanganywa na udongo laini uliochekechwa hutoa lipu nzuri ya ndani isiyoachia vumbi kwenye nguo za anayeegemea ukuta. Lita moja ya uji kwa ndoo ya lita 20 ya tope inatosha, na itumike siku hiyo hiyo kabla haijachacha. Isipakwe nje, kwa kuwa wanga hulegea ukilowa, wala kwenye chumba chenye unyevu, kwa kuwa ukungu huupenda. Wachina wa enzi ya Ming, kati ya mwaka 1368 na 1644, walijengea kuta za miji na makaburi kwa uji wa mchele unaonata, na watu huutaja mfano huo kila mara. Wanachosahau kutaja ni kwamba uji ule ulichanganywa na chokaa, si na udongo peke yake, na ni chokaa hiyo iliyougeuza kuwa jiwe. Isitoshe, sitamshauri mtu wa nyanda kame azike mifuko ya unga ukutani katika mwaka ambao hajui mvua itakuwaje.

Chumvi haifukuzi mchwa kwa kiasi unachoweza kuitia, lakini inaharibu ukuta kwa kiasi chochote. Huvuta unyevu usiku, hukauka mchana, na kila inapokauka fuwele zake hukua ndani ya vitundu vya udongo na kuusukuma uso wa ukuta ubanduke kama magamba. Mchwa huzuiwa kwenye msingi: jenga kwa mawe hadi sentimita 40 au 50 juu ya ardhi, usirundike kuni wala udongo ukutani, na kila wiki pitia msingi kwa macho na kuvunja njia zao za tope kabla hazijafika juu. Nyasi zilizofungwa vizuri ndani ya mfinyanzi huwavutia kidogo kuliko unavyodhani, lakini mbao za milango na kenchi ndizo wanazozitafuta hasa.

Kuna vitu vingine ambavyo, nikijua kwamba watakuja wengine kukushauri, ni afadhali niviseme mapema. Utomvu wa mnyaa, ambao watu hufikiri utakuwa gundi kwa kuwa ni mweupe na unanata, unaweza kuyaharibu macho yako, usiuguse. Oili chafu ya magari, inayopakwa sana mitaani, haina uasili wowote, ina metali zenye sumu, na itashuka mpaka kwenye udongo wa bustani yako. Mafuta ya alizeti, ambayo Singida mnayo kwa wingi, hayakauki vizuri kama yale ya kitani yanayotumika kwa sakafu za udongo huko ng'ambo. Hubaki yakinata na kukusanya vumbi. Maji ya magome na maganda yenye tanini, yaani ule ukakasi unaokausha ulimi, ni jambo la maana zaidi. Kaskazini mwa Ghana na kusini mwa Burkina Faso akina mama huchemsha maganda ya mti uitwao néré hadi yatoe maji mekundu mazito, kisha huyanyunyizia juu ya kuta walizozichora ili zistahimili mvua. Tanini hutawanya chembe za mfinyanzi zipangike kwa kubanana, na hushikana na chuma kilichomo kwenye udongo mwekundu. Unaweza kujaribu kwa maganda ya migunga yaliyoanguka, ila usibandue magome ya mti ulio hai kwa ajili ya ukuta, hasa wewe uliyeanza barua yako kwa kulalamikia miti iliyokwisha.

Kiungo kimoja cha asili kinachofukuza maji kwa kweli unakipata kutoka kwa ng'ombe wale wale. Protini ya maziwa ikikutana na chokaa hugeuka kuwa gundi isiyoyeyuka majini tena. Chukua maziwa yaliyoondolewa mafuta, kiasi cha lita moja kwa ndoo ya lita 10 ya chokaa iliyolowekwa na kukorogwa vizuri, na upake tabaka mbili au tatu nyembamba juu ya lipu iliyokauka, hasa upande unaopigwa na mvua. Ukuta utaendelea kupumua huku maji mengi yakiteleza. Funika macho unapopaka, kwa kuwa chokaa huunguza.

Lipu yenyewe uitengeneze hivi. Chekecha udongo, kisha changanya ndoo mbili za udongo, ndoo tatu za mchanga na ndoo moja ya kinyesi kibichi, ukikanyage na kukivundika kama nilivyoeleza. Hicho ni kianzio tu. Kabla ya kupaka nyumba nzima, paka vipande vitatu ukutani vyenye ukubwa wa karai, kila kimoja na kipimo chake cha mchanga, na usubiri wiki moja. Chenye nyufa kinataka mchanga zaidi, kinachoachia vumbi mkononi kinataka udongo au kinyesi zaidi. Lowesha ukuta kwa kunyunyizia, paka tabaka la kwanza lenye nyasi zilizokatwa fupi, likikauka paka la pili jembamba na uling'arishe kwa jiwe laini au mgongo wa chupa. Vaa glavu au usifanye kazi hii ukiwa na kidonda, kwa sababu kinyesi cha wanyama hubeba vijidudu vya pepopunda, na waliokwenda bila chanjo kwa miaka mingi waulize kituo cha afya kwanza.

Lipu ya saruji juu ya tofali bichi, ambayo nadhani ndiyo hofu iliyokuandikisha swali lako, sikushauri. Saruji ni ngumu na haichezi, wakati udongo husinyaa na kutanuka kila unyevu unapobadilika. Baada ya msimu mmoja au miwili ngozi hiyo hupata ufa mwembamba, maji huingia yakakosa pa kutokea, na udongo ulio nyuma hulainika kimyakimya mpaka lipu idondoke vipande vikubwa kama milango. Ukuta wa udongo uliolowa na kukauka waziwazi hauna hatari hiyo. Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni kwamba, ndiyo, ukuta utahimili bila saruji, kwa sharti kwamba paa litokeze nje ya ukuta kwa sentimita 60 au zaidi, msingi uwe wa mawe, maji ya bati yaongozwe mbali na ukuta, na wewe uwe tayari kusiriba mabaka machache kila mwaka.

Nyufa, hata zile ndogo, usizidharau ndani ya nyumba. Katika maeneo ya kati ya nchi yetu, Dodoma ikiwamo, papasi hujificha mchana ndani ya nyufa za sakafu na kuta za udongo, wakatoka usiku kuuma waliolala na kuwaambukiza homa ya papasi. Ukuta uliosiribwa laini na sakafu iliyokandikwa vizuri huwanyima makao. Mtu wa nyumbani akipata homa kali inayoondoka na kurudi, mpelekeni hospitali na mseme kwamba mnaishi kwenye nyumba ya udongo. Kwa mama mjamzito msisubiri homa irudi mara ya pili, kwa kuwa ugonjwa huo ni hatari sana kwake na kwa mtoto.

Kuna mambo ambayo hayatatuliki kwa barua. Kama kiwanja chako kiko juu ya udongo wa mbuga, kama ukuta utakwenda juu zaidi ya mara nane ya unene wake, kama unafikiria ghorofa, au kama ukuta uliokwisha kusimama una ufa wa mshazari unaoingiza kidole, mwite mhandisi wa halmashauri aje aone kwa macho. Wataalamu wa utafiti wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi nao wanaweza kukuelekeza ukiamua kwenda njia ya saruji na mashine. Usiache pia kumuuliza mhandisi kuhusu mkanda wa kufunga kuta zote kwa juu. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 lilibomoa nyumba nyingi za udongo na za matofali ya kuchoma pia, na hakuna kinyesi wala molasi inayozuia pembe mbili za nyumba zisiachane ardhi inapotikisika.

Kuhusu yale matofali elfu moja yaliyopasuka, habari ni njema: tofali bichi halina hasara ya kudumu. Yavunje, yaloweke siku mbili, ongeza mchanga kadiri kisanduku kilivyokuonyesha, tia nyasi, na uyafyatue upya. Kama tayari umetia chumvi kwenye fungu lolote, hilo usilirudishe. Litumie kujazia shimo mbali na nyumba. Haya elfu mbili yaliyopona yaache yakauke mwezi mzima, kisha chagua kumi bila kuchagua mazuri, laza kila moja juu ya mengine mawili yaliyoachana, na mtu mzima asimame katikati yake kwa dakika moja. Yakishika tisa au yote kumi, anza kujenga mapema ili paa liwe limekwisha kukaa kabla ya mvua za Novemba au Desemba, kwa sababu ukuta wa udongo usioezekwa hauna kiungo kinachouokoa.